Injini Mbili za Kwadi ya Njano

Tangu asubuhi Rosalie hakuweza kutulia. Alizunguka uani kwake, kwenye kambi ya wafanyakazi ya Panda, gauni jeusi la ujane juu ya suruali ya kazi ya marehemu mumewe, akiitazama kwadi ya njano isiyo na injini. Steve aliichomelea mwenyewe, bomba kwa bomba, akaipa magurudumu manne mapana na kiti cha ngozi. Akafa kabla hajaamua injini ya kuiwekea. Chini ya meza yake aliacha mbili: moja ya mipigo miwili, aliyoitoa kwenye pikipiki yake ya zamani, na moja ya mipigo minne, ya pikipiki ya Kichina. Kwenye fremu alikuwa ametoboa matundu ya kufungia yoyote kati ya hizo.

Jumamosi ilikuwa siku ya kutoa kilio. Rosalie angevua nguo nyeusi, na rafiki za Steve wangepeleka kwadi zao kwenye kilima cha udongo mwekundu, njia ya Kamatanda, walikozoea kucheza naye Jumapili baada ya misa. Wote walijua kwamba ile ya njano ingeendeshwa na Michée, mdogo wake Steve. Rosalie alitaka kuiendesha yeye. Steve alimwahidi kumfundisha, na ahadi hiyo hakuwa tayari kuizika pamoja naye.

"Bon, yaya," alisema Michée, akimwita kama dada mkubwa huku akifuta spana kwa kitambaa. "Mi sina palabre, sitabishana. Leo ukipanda kilima na ukishuka bila kuanguka, ni ya kwako. Ikikushinda, Jumamosi miye njo nitaendesha."

"Na injini nachagua miye."

"Chagua. Lakini mutu wa Steve anachagua deux-temps. Mulio yake, Panda yote banaijua."

Basi walianza na hiyo ya mipigo miwili. Barnabé, jirani aliyeuza mafuta kwa chupa kando ya barabara, alichanganya petroli na oili kama alivyomchanganyia Steve miaka yote, akapanda nao hadi kilimani ili ajionee.

Mwanzoni injini ilikuwa kama imesinzia. Rosalie akaongeza mafuta, bado. Akaongeza tena, na ghafla ikaamka yote kwa mara moja. Ilipiga kelele kama nyuki elfu ndani ya debe, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, na kabla hajajua amefika juu, moyo unamdunda, anacheka peke yake kwa sauti. Hakuwa amecheka hivyo kwa mwaka mzima.

Kushuka kulikuwa habari nyingine. Aliachia mafuta akidhani mashine ingepunguza mwendo. Haikupunguza. Ilitelemka kama mbuzi aliyekata kamba, akabana breki, kwadi ikapinda, na yeye akajikuta ndani ya majani marefu.

"Sikuanguka," alisema, akitoa majani kwenye kilemba. "Nimekaa tu."

"Umekaa mbali na kiti," alijibu Michée.

"Tuweke ile ingine."

"Njo nilitaka kukuambia. Deux-temps iko mwepesi, inaruka, lakini kwa kushuka haikukamate. Quatre-temps iko nzito, haina haraka, lakini ukiachilia mafuta, yeye mwenyewe anakushika kwa mukaba."

Alasiri walirudi kilimani, injini ya mipigo minne ikiwa imefungwa. Barnabé akaleta chupa nyingine, akaimimina kwenye tangi tupu. Rosalie akaondoka. Mashine ilipanda vizuri hatua chache, kisha ikakohoa. Moshi wa buluu ukamzunguka. Ikakohoa tena, ikazimika katikati ya kilima.

Michée alimfikia akihema. "Iko kufa. Quatre-temps muzima haitoake moshi sawa vile. Pistoni imekwisha, yaya. Turudishe deux-temps ya Steve, na Jumamosi nitaendesha."

Rosalie alishuka kwenye kiti. Alisimama ndani ya moshi, akauvuta puani. Ilikuwa harufu ya mashati ya Steve. Miaka kumi na moja aliyafua mashati hayo, na harufu haikutoka hata kwa sabuni ya kipande. Kwa nini injini hii, isiyotaka oili ndani ya petroli, inukie Steve?

Alifungua tangi, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Kiliteleza.

"Papa Barnabé, umetutilia nini?"

"Ile ya siku zote," alisema Barnabé. "Petroli, na huile ya Steve." Kisha akajishika kichwa. "Ah, mama. Ni mukono tu. Niliona kwadi ya njano, mukono ikachanganya yenyewe."

Michée akapiga magoti, akafungua buji, plagi ya kuwashia injini. Ilitoka nyeusi, imelowa. Akaisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, wakati Rosalie akirudisha mafuta ya tangi kwenye chupa, polepole, bila kumwaga hata tone. Barnabé akaenda mbio, akarudi na petroli tupu.

Safari hii haikukohoa. Ilipanda bila kuruka, kwa mlio mnene, mpaka juu. Rosalie akageuza, akautazama mteremko wote, akaachia mafuta. Mashine ikanguruma chini kwa chini na kumzuia, mita kwa mita, kana kwamba mtu ameketi nyuma yake akimshika kiuno. Alisimama mbele ya viatu vya Michée.

"Bon," alisema Michée, akitabasamu. "Ni ya kwako."

Rosalie alimpa ile chupa ya mafuta yaliyochanganywa. "Deux-temps uifunge kwa pikipiki yako. Jumamosi utanifuata nyuma, nisikie mulio yake."

"Na nikikupita?"

"Kwa kupanda utanipita. Kwa kushuka nitakukuta kwenye majani."