Mashine Iliyosimama Juu ya Sponji

Wateja walimwita Bi Kiganja. Kabla hajatoa hata bisibisi kwenye mkoba wake, mama huyu alikuwa akiweka kiganja juu ya mashine ya kufulia na kutulia hivyo, macho nusu yamefumbwa, mithili ya mtu anayepima homa. Wapo waliocheka pembeni. Lakini ufundi aliuanza zamani, miaka ishirini na miwili sasa, na wengi wa waliocheka walishampigia simu tena.

Siku hiyo aliitwa ghorofa ya tatu, kwenye nyumba iliyokuwa imefungwa mapazia mchana kweupe. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Kijana mrefu, mwenye nyumba, alisimama peku, na ndani ya shati lake, lililofungwa vifungo viwili tu, ilichungulia kofia ndogo ya sufu. Ilimchukua fundi kitambo kutambua kwamba chini ya kofia ile kulikuwa na mtu.

Kijana akamwamkia kwa kunong'ona, na Bi Kiganja akajikuta naye anaitikia kwa kunong'ona. Nyumba nzima ilikuwa hivyo. Hata saa ya ukutani ilikuwa imetolewa betri, ikasimama kwenye saa nne na robo ya siku isiyojulikana. Sebuleni, mke wa kijana alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mikono ameibana katikati ya magoti. Alimkaribisha mgeni kwa upole, kisha macho yake yakarudi kwenye pazia, palipokuwa na utepe mwembamba wa jua.

Wakielekea chumba cha nyuma, kijana alieleza. Binti yao alizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake. Walikaa hospitali wiki sita, na kila asubuhi muuguzi alipomweka mtoto kwenye mizani, wazazi walishikilia pumzi mpaka namba itulie. Sasa walikuwa na siku kumi na mbili nyumbani. Na mashine hii, ambayo ni ya zile zenye akili, inayopima nguo yenyewe, ikajiamulia maji na muda, kisha ikatuma habari kwenye simu, tangu mtoto aje ilikuwa imeota tabia ya kusema uongo. Unaiwekea vijishati vinne, inasema kilo tano. Inajaza maji ya kufulia mablanketi, inazunguka saa tatu, na ikifika kukamua inatikisika, inasimama, inagoma.

Akamwonyesha simu. Kilo tano. Kilo tano na nusu. Kilo tano.

"Nguo zenyewe ukizikusanya zote hazifiki uzito wa mkate," alisema, akacheka bila sauti. "Kila nikiiona namba hiyo asubuhi, natamani ingekuwa ya mtoto."

Bi Kiganja akainamia mashine. Aliweka kiganja chake, akasikiliza, akazitoa nguo zote zilizokuwamo, akaiwasha mashine tupu. Pipa la ndani likasogea kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mchukuzi anayeujaribu mzigo kabla ya kuutwika. Ndivyo mashine hizi zinavyopima: mota inasukuma pipa na kuhisi ukaidi wake. Nguo zikiwa nyingi pipa linakuwa zito kuanza, zikiwa chache linatii upesi. Namba ikatokea. Kilo nne na nusu.

"Haina kitu," alinong'ona kijana.

"Naona."

Akaanza kutafuta, taratibu, pasipo kuruka hatua. Alizungusha pipa kwa mkono, likateleza vizuri bila kukwaruza. Alipitisha vidole ndani ya mpira wa mlango, akapata kibanio cha nywele na nyuzi. Alifungua chujio la chini, likatoa maji kikombe kimoja na kifungo. Alichomoa kijibomba chembamba kinachohisi kimo cha maji, akakipuliza, pumzi ikapita bila kizuizi. Mwanga wa dirisha la kioo cha ukungu ulimwagika sakafuni mweupe kama maji ya mchele, harufu ya sabuni ikiwa imetanda, na kwa kuwa hakuna aliyesema lolote, fundi alihisi kama anafanya kazi chini ya ziwa. Ilikuwa hali aliyoizoea usingizini. Kwa miaka mingi aliota anafungua milango ya mashine na kukuta ndani vyumba vyenye vitanda vilivyotandikwa vizuri, na yeye ana usingizi mzito, lakini haingii. Hakuwahi kumwambia mtu ndoto hiyo.

Akaweka pimamaji, kifaa cha kupimia usawa, juu ya mashine. Kiputo kikakimbilia pembeni. Akabonyeza kona moja kwa kidole, na kona ikadidimia.

Fundi akapiga magoti, akalaza shavu sakafuni. Chini ya miguu yote minne kulikuwa na sponji, unene wa vidole vinne, imekatwa vizuri kwa kisu.

"Nani aliweka hii?"

Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa yeye. Siku ya pili tangu watoke hospitali, mashine ilikamua, na mtoto akashtuka usingizini, mikono ikafunguka pande zote kama mtu anayeanguka. Jioni ile ile alilikata godoro la wageni, akamwita shemeji yake wakainyanyua. Tangu hapo ilikuwa haisikiki.

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, mwanangu," alisema Bi Kiganja. "Inaelea. Kila ikisukuma pipa ijue uzito, inayumba mwili mzima, na mtikisiko huo inauhesabu kuwa ni nguo. Haiwezi kupima kitu na yenyewe haijakanyaga chini."

Kuiondoa sponji kulihitaji watu wawili, mmoja ainue, mwingine avute, kwa maana mashine hizi hubeba bonge la zege tumboni zisitambae. Kijana akatazama kifuani pake. Mama yake mzazi, ambaye angeweza kumpokea mtoto, alikwenda kutazamwa macho, angerudi alasiri. Labda fundi angesubiri. Kumlaza mtoto kitandani hakuwezekani, kwani tangu hospitali hakukubali kulala ila juu ya kifua cha mtu.

Bi Kiganja akauliza kuhusu mama wa mtoto.

Sauti ya kijana ikashuka zaidi. "Ananyonyesha," alisema, "lakini mimi ndiye ninayemshika mtoto wakati wote, namsogeza kwenye ziwa, namtoa. Peke yake hajambeba hata siku moja. Anasema mikono yake ni mizito. Anaogopa atamvunja."

Hapo wakamwona mlangoni. Alikuwa amesimama na kanga begani, na hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

"Mama," alimwambia fundi, "mashine hiyo ina kilo ngapi?"

"Sabini na ushei."

"Na huyu?" Alimgeukia mumewe, ingawa jibu alilijua kuliko yeyote.

"Mbili na gramu mia."

 Mke akajifuta viganja kwenye gauni, ingawa vilikuwa vikavu.

"Basi nyinyi shikeni hiyo," alisema. "Mimi nipeni huyu."

Kwanza akakaa sakafuni, mgongo ukutani, ili hata mtoto akiteleza asiwe na mbali pa kuangukia. Mumewe akafungua vifungo, akamtoa mtoto polepole kama anayetoa yai kwenye kiota. Mtoto akalalamika kidogo, akakunja uso wa kizee, kisha akatua.  Bi Kiganja akageukia spana zake, maana kuna mambo hayapendi kutazamwa.

Wakainua, wakavuta. Miguu ya chuma ikagusa sakafu kwa mlio mmoja mzito. Fundi akakaza mguu huu, akalegeza ule, hadi kiputo kikatulia katikati. Kilichobaki ilikuwa kuifundisha upya: pipa liwe tupu, vitufe viwili vibonyezwe pamoja mpaka neno litokee, halafu isiguswe hadi ijue uzito wake yenyewe.

Pipa likageuka polepole. Likapumzika. Kisha likashika kasi, na mvumo ukajaa nyumbani kama mvua ya ghafla juu ya mabati. Mtoto akashtuka, mikono ikafunguka. Kijana akaruka hatua moja mbele. Lakini mke wake alikuwa ameshamkumbatia, amemshika mgongo, na vidole vile vidogo vikalikamata gauni, vikafumba. Mtoto akaendelea kulala. Baba alibaki na mkono hewani, hajui aupeleke wapi.

Namba ikasomeka: sifuri.

Fundi akarudisha vijishati, soksi na kofia, akaongeza taulo moja ili zisijibanze upande mmoja. Mashine ikajaribu mzigo, ikatulia, ikajaribu tena. Nusu kilo. Dakika ishirini na nane.

Kazi ilikuwa imekwisha, lakini desturi yake ilikuwa kusubiri mzunguko mmoja wa kufua hadi mwisho. Akakunja ile sponji, akaikalia kando ya mama wa mtoto. Maji yaliingia, yakaanza kuzungumza na nguo. Yule mama kijana alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto ana joto sana, kwamba hakujua. Bi Kiganja akasema ndivyo walivyo.  Kope za fundi zikawa nzito, na safari hii hakuzipinga.

Alipozinduka, alikuta amefunikwa kanga miguuni. Mashine ilikuwa imekwisha kuimba wimbo wake wa kumaliza na haikumwamsha mtu. Mama alilala amekaa, kinywa wazi, mtoto shingoni pake. Mapazia ya sebuleni yalikuwa yamefunguliwa. Kupitia mlango wa kibaraza, fundi alimwona kijana akianika, mdomoni vibanio, akinyoosha kila kijishati kwa kidole gumba. Nguo zilikuwa ndogo mno na jua lilikuwa kali. Alipofika kwenye soksi ya mwisho, shati la kwanza lilikuwa limeshakauka.

Bi Kiganja akaokota mkoba, akavaa viatu nje ya mlango.