Uani kwa Bi Rahma

Bibi harusi alipogeuka kucheka, Bimdogo alisimamisha picha, akashika kipanya cha kompyuta na kuanza kumkata upya kuanzia kisogoni. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: unamzungushia mwanamke mstari, unamfuta, unasogeza picha kidogo, kumbe naye amesogea, unaanza tena. Mgongo ulikuwa ukimwaka moto na macho yalishachoka tangu juzi.

"Pumzika kidogo, mama," alisema Kokulinda kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Nikiinuka hapa sirudi tena, mwanangu. Najijua."

Walikuwa mtaa wa Mirongo, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, ambamo Bimdogo alikuwa amezeeka pamoja na kanda zake. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mpiga video wa siku za hina. Siku hiyo wanaume hufukuzwa nyumbani, mitandio inavuliwa, mama mkwe anacheza mpaka kanga inamdondoka, na katikati yao alikuwemo Bimdogo na kamera yake begani. Wenyewe walimwita Kata, kwani siri ya mtungi muulize kata. Kabla ya kuwasha kamera alikuwa akiapa mbele yao wote: "Wallahi, hili halitaonwa na jicho la mwanamume." Baada ya hapo ndipo ngoma ilipokolea.

Ndiyo maana hakuna aliyewahi kumsifu hadharani. Wenzake wa kiume walitundika mabango yenye picha za maharusi. Yeye angetundika nini? Na siku hizi mabinti wanajipiga wenyewe kwa simu, Kata hakuna anayemtafuta. Hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kusema.

Kokulinda, binti wa Kihaya aliyesomea sanaa ya video, alimfuata kwa sababu ya maji. Alikuwa akiupiga picha ua wa Bi Rahma, ule wa ufukweni ambako familia nyingi zilifanyia hina, na ambao sasa umechukuliwa na ziwa. Kwanza maji yalipanda ngazi, kisha yakaingia jikoni, halafu mvua kubwa zikamalizia ukuta. Kambale wanapita palipotandikwa mkeka wa bibi harusi. Jirani mmoja akamwambia, ukitaka kuuona ua huo ulipokuwa mkavu, kamwone Kata.

Katika kanda zile ziwa lilikuwa nyuma kabisa, ukanda mwembamba juu ya vichwa vya watu. Harusi baada ya harusi, ukanda ule ulizidi kunenepa. Bimdogo aliyepiga picha hizo hakuwahi kuliona jambo hilo, maana siku zote alikuwa akitazama mikono na hina.

Wakakubaliana kwamba kwa ajili ya maonyesho ya Kokulinda wanawake wote wakatwe, na katika matundu yao Kokulinda aweke picha za maji ya leo, yaleyale yaliyojaa uani. Na kwa kuwa aliyeapa ni Bimdogo, mkataji awe Bimdogo.

Kanda aliyoiacha mwisho ilikuwa ya Bushra, mwanawe wa pekee. Bushra alifariki kwa uzazi, yeye na kichanga chake, kabla ndoa haijatimiza mwaka. Tangu matanga Bimdogo hakuwahi kuifungua. Alipobonyeza, binti akatokea, mzima kabisa, ameinua mikono yenye hina mbichi asichafue nguo, anacheza kwa mabega tu.

Kokulinda alivuta kigoda, akaketi karibu yake.

"Mama, huyu usimkate. Ni mwanao, ruhusa ni yako. Wakiuona uso mmoja tu, watajua na wale wengine walikuwa watu."

Bimdogo alitaka. Mungu ni shahidi, alitaka sana. Mji mzima umwone Bushra, na angalau mtu mmoja aulize ni nani aliyempiga picha nzuri namna ile. Lakini pale kwenye kioo Bushra alikuwa ameisogelea kamera, anahema na kucheka: "Mama, Salum asije akaiona hii, eti! Nacheza kama mwehu." Na sauti ya Bimdogo mwenyewe, changa, ikajibu kutoka nyuma ya kamera: "Haioni ng'o!"

"Umesikia mwenyewe," Bimdogo alimwambia Kokulinda. Akaanza na vidole, kimoja kimoja. Kumtoa mwanawe uani kulimchukua siku nzima, na alilia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Maonyesho yalifanyika baada ya magharibi, katika ghala kuukuu karibu na ziwa. Wanawake wa maji walikuwa wakicheza ukutani, kila mmoja na umbo lake, huku ngoma na vigelegele vikisikika. Salum, aliyekuwa mume wa Bushra, alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Siku hizi anauza vipuri Buzuruga na ana mke mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Nimesikia hina ya Bushra imo."

"Imo."

"Basi nioneshe yeye ni yupi. Picha zote nilizo nazo ni za siku ya harusi, na maharusi mnawakataza kucheka. Ameinama tu, mama. Namsahau."

Bimdogo aligeukia ukutani. Wakati huo umbo moja fupi liliingia ukutani likitupa bega.

"Huyu!" Salum aliruka. "Ni huyu, mama! Si ndivyo alivyokuwa akitembea?"

Alikuwa Nusrat, binti wa mwenye bucha, ambaye yuko hai Buswelu na wanawe wanne. Bimdogo alifungua kinywa. Alikuwa amechoka, na uso wa yule kijana ulikuwa umejaa furaha.

"Umemjua," alisema.

Salum akasogea, akaweka kiganja ukutani, na ziwa likapita juu ya vidole vyake na mkono wa kanzu. Akasimama hivyo mpaka umbo lile lilipotoka. Kisha akajifunika uso, akageuka kuelekea mlangoni, mabega yakimtikisika.

Ndipo Bushra alipoingia. Ilitosha kumwita Salum jina lake tu, ageuke. Bimdogo hakuita. Alibaki kitini akitazama mikono ile miwili iliyoinuliwa, mitupu, imejaa maji. Gugu maji moja lilielea, likampita binti kifuani taratibu, likaendelea na safari yake.