Siku Bosi Aliposimamishwa

Mama Pasi alimaliza kunyoosha shati la mwisho la mteja, akamwaga makaa kwenye debe la majivu, kisha akamgeukia mwanawe aliyelala mkekani. Mtoto alikuwa na miaka mitano na shingo yake bado haijakaza. Majirani walimwita Bosi, kwa sababu alibebwa kila mahali na hakuwahi kutumwa dukani. Ubongo wake uliumia siku ya homa na degedege. Zahanati ilikuwa na mtungi wa oksijeni, lakini mwenye ufunguo wa stoo alikuwa semina.

"Leo tena?" aliuliza mumewe huku akifunga viatu vyake vyeupe kwa vumbi la saruji anayopakia. "Mwaka mzima mtoto anatobolewa kichwa kama chujio."

"Kidole gumba kilikuwa kimejificha ndani ya ngumi tangu augue. Sasa kimefunguka."

"Kidole, mke wangu. Kidole kimoja."

Mama Pasi alimvika Bosi shati safi, maana meneja wa kliniki ya akupancha alikuwa ameagiza: wafadhili wanakuja, watoto wapendeze.

Walipofika kwenye geti la kliniki, Bosi aliangua kilio. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Mama Pasi alisimama palepale, kisha akakimbilia chumba cha tabibu, dada mpole anayemchoma Bosi zile sindano nyembamba zisizo na dawa.

"Amelia getini, daktari! Hata hatujaingia! Amepajua!"

Tabibu aliacha kupanga sindano. "Kweli? Basi anakumbuka huyu." Alitabasamu, halafu akashusha sauti. "Ila nilishakwambia, mama. Kama ni sindano, au ni mazoezi unayomfanyisha nyumbani, au anakua tu, mimi sijui. Siwezi kukuahidi kitu."

"Usiniahidi. Mchome tu."

Bosi alilia mpaka sauti ikamkauka. Sindano ya mwisho ilikuwa imeshatolewa utosini meneja alipochungulia.

"Mbona kelele? Wageni wako koridoni."

"Kulia ndiyo habari yenyewe, mzee. Leo amekumbuka..." alianza Mama Pasi.

"Msimamishe. Piga magoti nyuma yake, mshike makwapani, mikono uifunike kwa mtandio."

"Lakini hasimami."

"Nafasi yake ya wiki ijayo unaitaka au huitaki? Benchi limejaa pale koridoni."

Tabibu aliinama kuokota pamba sakafuni, akachelewa kuinuka.

Wageni waliingia. Mama Pasi alimwinua mwanawe, miguu yake ikagusa sakafu, imelegea kama nguo iliyoloa. "Huyu alikuja hapa hata kukaa hawezi," alisema meneja. Picha zikapigwa, na makofi. Mlangoni, kina mama wa benchi walikuwa wamesukumana wakichungulia. Nao walipiga makofi.

Mama Pasi alikuwa ameshafika uani aliposikia akiitwa. Msichana mwenye mtoto mchanga alikuwa akimfuata mbiombio.

"Dada, samahani. Alisimama baada ya muda gani? Wangu alichelewa kulia alipozaliwa. Nimeuza cherehani yangu tuje hapa."

Meneja alikuwa anawafungulia wageni milango ya gari. Mama Pasi alimtazama, kisha akamtazama yule mtoto mchanga.

"Hasimami, mdogo wangu. Nilimshika mimi, mikono yangu ilikuwa chini ya mtandio. Amefungua kidole, na leo amepatambua hapa. Ni hayo tu. Usiuze kitu kingine."

Msichana alimhamishia mtoto wake bega la mbali. "Nimemwona kwa macho yangu."

"Ulichoona siyo..."

"Wako ameshapona, sasa unatufukuza sisi ili benchi liwe jepesi. Una roho mbaya, dada. Usimwangalie mwanangu kwa jicho baya."

Alirudi ndani, akainama kumnong'oneza jirani yake benchini, na jirani akamnong'oneza wa pili. Mama Pasi alimfuata mpaka mlangoni. Alitaka kuwaambia wote, kwa sauti, hata meneja asikie. Alifungua kinywa.

Kina mama walimtazama. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakawageuza watoto wao, nyuso zikaelekea ukutani.