Ukungu wa Buluu

...na inazunguka tu, haichoki, inazunguka juu ya paa la gari kama mtu aliyeangusha kitu na anakitafuta pande zote, na kila inapogeuka ukungu wote wa kilima unakuwa buluu, si kipande, wote, barabara, nyasi, mahindi ya watu, hata uso wa yule bibi aliyepiga magoti pale ukingoni, halafu unarudi kuwa mweupe, halafu buluu tena, na Alfonsi, dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa miaka arobaini na tisa ambaye barabara hii imemwonyesha kila kitu, amesimama nyuma ya gari lake mdomo wazi, Mungu wangu, uzuri gani huu, na ni yeye aliyeiwasha, kwa kidole kimoja tu... “Baba Kristiana!” anaita Sista Redempta, muuguzi wa safari, kutoka kule chini, mbele ya gari, kwa jina la binti yake wa kwanza kama anavyomwita siku zote, “taa inawaka?”, “Inawaka, Sista!”, “Haya, basi mimi sigeuki,” na kweli hageuki, amepiga magoti kwenye tope ameipa barabara mgongo, mikono yake miwili imekaza kitambaa kwenye paja la yule kijana wa Kisukuma, Malimi, mchunga ng'ombe aliyeomba lifti kwenye lori, juu ya magunia ya mahindi, na sasa lori limelala ubavu, limeziba nusu ya njia, na mguu wa Malimi uko chini ya ubao wa lori, wanaume wawili wa kijiji wanachimba udongo kwa majembe, taratibu, taratibu, wasije wakaukata mguu wenyewe, kazi ya nusu saa hiyo, hata zaidi, na dereva wa lori je, dereva kaingia mitini, tena mitini penyewe hapa Ufipa pako wapi, kaingia kwenye ukungu, yeye na utingo wake, hata kofia kaiacha. Malimi ndiye aliyesema, kabla hajaanza kulegea, “kuna lingine nyuma, baba... la tajiri huyo huyo... tuliliacha Laela linapakia,” na tangu aliposema hivyo Alfonsi ametega sikio juu kilimani, kwa maana malori ya siku hizi anayajua, tangu serikali iruhusu kila mwenye fedha anunue mahindi yanakimbizana kwenda Tunduma kama yanafukuzwa, gari la kwanza kufika ndilo linalopata bei, na huyo anayekuja atakuja kwa kuteremka, kilima chote hiki mgongoni kwake, gunia mia juu, tope chini, na mbele yake ukungu, na ndani ya ukungu Sista Redempta ambaye hageuki.

Kwa sababu taa inawaka. Mganga mkuu alisema, siku gari lilipofika na plastiki bado kwenye viti, alisema popote mtakaposimama iwasheni, hiyo ndiyo ngao yenu, na Alfonsi akaipangusa kwa kitambaa cha shati lake mwenyewe, madereva wenzake pale kwenye pampu ya mafuta wakamcheka, “oya Alfonsi, umekuwa fundi wa disko,” naye akacheka nao, lakini moyoni alijivuna, miezi miwili sasa anajivuna, na leo walipokuwa Laela kupeleka chanjo akaja mwendesha baiskeli anahema, ajali, ajali kilimani, Alfonsi aliwasha taa kabla hata ya kutia gari moto, watu wa Laela wakapisha njia kama maji... na hapa juu wakatoka wanawake, hapo ndipo penye mkosi, wakatoka mashambani wakaiona buluu inapasua ukungu, na kwenye vijiji hivi gari la kumetameta lilipita mara moja tu, la mkubwa fulani, waliposimamishwa tangu alfajiri wampokee, basi hawa nao wamepokea, wamejipanga kando ya barabara, magoti chini, wanapiga makofi polepole kama Mfipa anavyomwamkia mtu mzito, viganja vikipishana, pa, pa, pa, Alfonsi akawapungia mkono waondoke, wakadhani anaitikia, wakapiga kwa nguvu zaidi, akawaambia kwa Kiswahili, akawaambia kwa Kifipa, tokeni barabarani mama zangu mtakufa, wakarudi hatua moja wakapiga magoti tena, ungetaka wafanye nini, mgeni aachwe bila kuamkiwa? Tena kwa nini awakasirikie, yeye mwenyewe magoti yake yanataka kukunjika, tazama, tazama inavyopita juu ya vichwa vyao, inavyomgusa kila mmoja na kumwacha, hata kanisani hajaona... acha, Alfonsi, usiitazame. Usiitazame wewe! Nani aliyekwambia uitazame? Akageuza macho kwa nguvu, yakarudi yenyewe, na hapo ndipo jasho lilipomtoka, baridi hii yote na jasho, maana anayajua macho haya, si mara ya kwanza yanamfanyia hivi.

Ilikuwa karabai. Miaka saba sasa. Yeye akiendesha lori la ushirika, alfajiri, ukungu kama huu huu, na Adolfu, Adolfu aliyesimama naye siku ya ndoa, aliyemfundisha kufunga turubai, lori lake lilikuwa limekatika ekseli upande wake wa kushoto wa barabara, naye akafanya kila ambacho dereva mzuri angefanya, akaweka karabai juu ya pipa nyuma ya lori, akaipampu mpaka ikang'aa, akainama kwenye tairi, na Alfonsi aliiona ile taa, aliiona mapema kabisa, hilo ndilo hajawahi kumwambia mtu, aliiona kutoka mbali ikielea kama nyota iliyoshuka kunywa maji, akasema moyoni ni nini kile, na akaitazama, akaitazama, na mikono ikafuata macho, usukani ukafuata mikono, njia nzima ilikuwa tupu upande wa kulia, nzima, hata malori mawili yangepita, na yeye akaenda moja kwa moja kwenye taa kama kumbikumbi... Breki zilikatika. Ndivyo alivyosema polisi, ndivyo alivyosema msibani, na Jenifer, mjane wa Adolfu, akamshika mkono akamwambia ajali haina kinga, shemeji, usijiumize, mpaka leo akikutana naye sokoni anamwekea fungu la dagaa wa Kirando bila kupima, na Alfonsi anawala, anawala wale dagaa, miaka saba, breki zilikatika, breki zilikatika, na breki zilikuwa nzima kama siku zilipotengenezwa.

Sasa sikiliza. Kimya... majembe, chwa, chwa... makofi, pa, pa... “Vumilia mwanangu, niangalie mimi,” Sista anamwambia Malimi, “una ng'ombe wangapi, eh, nitajie majina yao,” na Malimi anataja, moja, sauti ya kulala, halafu nyuma yake kabisa, juu, ndani ya weupe, kitu kama mtu anayekohoa kwenye nyumba ya tatu, kikanyamaza, kikarudi, hiyo ni dizeli, hiyo ni dizeli inabadilisha gia pale kona ya juu, bado mbali, dakika tano, saba kama dereva ana akili, na ni dereva gani wa mahindi mwenye akili, atatoka kwenye kona ataona nini, hataona gari, ukungu hauonyeshi gari, ataona mbingu imekuwa buluu, ataona ajabu, atasema moyoni ni nini kile... ataitazama. Izime basi! Mkono ukaenda kwenye mlango, ukasita, akiizima, dereva yule hataona kitu kabisa, akiiacha atakuja kama alivyokuja yeye, eh Bwana, ngao gani hii inayomwita adui kwa jina, na wafadhili waliolitoa gari hawakuandika hayo kwenye kijitabu chake, hawakuujua ukungu wa Ufipa, wala hawamjui Alfonsi. Apande mbio akampungie? Koti lake la kazi ni jeupe, mtu mweupe ndani ya weupe, dereva atamwona akiwa tayari chini ya boneti. Matawi, dereva yeyote wa nchi hii anajua matawi, ukiyakuta yamelazwa njiani hata kama umelewa mguu unaenda kwenye breki wenyewe, yanavunjika chini ya tairi yanakwambia, na macho unayashusha chini kwenye njia, hayapotei angani, lakini matawi ya mti gani, tazama kushoto nyasi, tazama kulia nyasi, babu zetu walimaliza miti kuyeyusha chuma, pana mahindi tu. Mahindi. Mabichi, marefu kumpita yeye, yamesimama kwenye matuta mpaka ukingo wa barabara, mwezi wa tatu, wiki chache tu yaanze kuchomwa, na mahindi ya mtu yakiwa hivyo hayaguswi, hata mwizi huogopa, mtoto akivunja bua moja anachapwa na baba yake na mwenye shamba pia, mwezi huu ndio maghala yako matupu, watu wanahesabu siku kwa kupapasa magunzi.

“Shikamoo bibi,” akasema, na akashangaa kujikuta amechuchumaa mbele ya yule bibi wa ukingoni, uso kwa uso, buluu ikiwapitia wote wawili. “Marahaba, baba. Karibuni sana. Mmetufikia.” “Bibi, jina lako nani?” “Mimi Stefania.” “Bibi Stefania, shamba hili la nani?” “La kwangu,” akasema, na mikono ikaacha kupiga makofi. “Linakuja lori. Nataka mahindi yako niyalaze barabarani, ashike breki.” Bibi akaangalia shamba, akaangalia juu ya paa la gari, hakukunja uso, aliuliza tu kama anavyouliza mtu mwenye haki ya kuuliza, “Kwani taa hiyo haitoshi? Taa kubwa namna hiyo?” na hapa jibu lilikuwa moja, lipo tayari ulimini, miaka saba limekaa hapo linasubiri kila anayeuliza, breki huwa zinakatika bibi, sema hivyo, ni neno jepesi, mficha uchi hazai wewe Alfonsi, dizeli imekohoa tena, karibu zaidi, Sista anauliza ng'ombe wa nne anaitwa nani... “Haitoshi, bibi. Mimi niliua mtu. Niliitazama taa, nikaifuata mpaka hapo alipokuwa. Breki zilikuwa nzima.” Akasema. Limetoka. Akasubiri kilima kianguke, hakikuanguka, ila miguu yake ikawa myepesi mpaka akaogopa, na huyu mwanamke asiyemjua akamtazama muda wa mzunguko mmoja wa taa, buluu, nyeupe, bila kumhukumu, bila kumpoza, kisha akaweka kiganja kwenye bega lake, akalifanya mkongojo, akainuka, magoti yake yana tope duara mbili, akawageukia wenzake akasema neno moja la Kifipa, maana yake ng'oeni, akaingia shambani mwake wa kwanza.

Sauti ile, Alfonsi hajawahi kuisikia, mahindi mabichi yakitoka ardhini, kishindo kidogo na mpasuko wa mizizi, halafu lingine, halafu mengi kwa pamoja, wanawake kumi na mmoja waliokuja kuamkia mkubwa wanang'oa chakula cha mwenzao na hakuna anayelia, hakuna anayeuliza nani atalipa, na kumbe woga wote ule aliokuwa nao mbele ya taa ulikuwa woga mdogo, huu ndio mkubwa, nitawaambia nini hawa, nitamwambia nini Jenifer, nitamwambia, leo hii nitakwenda nimwambie... “Shika, baba,” Bibi Stefania akamjaza mikono, mabua yanadondosha maji, nywele za mahindi zimemwingia shingoni, “hayo ya tuta la mwisho yamebeba mawilimawili, yaweke juu kabisa, mazito hayapeperuki.” “Baba Kristiana!” Sista Redempta anaita kutoka chini, bado hajageuka, “mbona kimya huko?” “Napanda juu, Sista! Taa naiacha hapo, mimi nakwenda!” na akaipa taa mgongo, akapanda, akatupa mabua matatu, hatua kumi, akatupa mengine, nyuma yake nyayo za wanawake na majani yakiburuzika, mbele yake mlio wa lori unateremka bila dalili ya kupungua, haoni kitu, anaona njia tu chini ya miguu yake, kahawia, ina mawe, anaitazama hiyo, na midomo yake inasema kwa sauti, kwa yeyote anayepanda naye, “Aliitwa Adolfu. Alikuwa rafiki yangu,” na Bibi Stefania, akihema pembeni yake na mzigo wake, anaitikia, “Enhe. Endelea, baba.”