Mtumbwi wa Kibwana Hauna Haraka

Kibwana alikuwa fundi mitumbwi hodari, na mtu hodari akiamua kuudhi hana mfano. Mvule aliouangusha Mfungo Mosi angeweza kuumaliza kwa mwezi mmoja. Huu ulikuwa mwezi wa tatu, na bado alikuwa ameuinamia, tezo mkononi, akibandua vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Mkewe Mwamvua alichoka hata kumtazama. Askari wa Wadachi walikuwa wakishuka na mto wakichoma maghala ya mpunga, kijiji baada ya kijiji, ili waliokunywa maji ya vita wafe njaa kama risasi hazikuwamaliza. Majirani walishakimbilia visiwani, kwenye mikoko. Walibaki wao wawili na vikapu viwili vya mbegu.

"Baba Tamimu, huo ni mtumbwi au jeneza la sultani?"

"Haraka haraka haina baraka, Mama Tamimu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Asubuhi moja moshi ukaonekana upande wa Utete. Mwamvua hakubembeleza tena. Aliburuta vikapu, akavipakia katikati ya mtumbwi, akaketi hapo hapo, akasema mtumbwi usipoingia majini leo atakwenda kwa kuogelea, mamba wamjue. Kibwana akausukuma, akapanda nyuma na upondo wake.

Hawakufika mbali. Sehemu ya mbele ilinyanyuka, mkondo ukaikamata, mtumbwi ukazunguka na kurudi kuwatupa kwenye matete. Wakajaribu tena, ukazunguka tena. Mara ya tatu maji yaliingia yakalowesha kikapu kimoja cha mbegu, na Mwamvua akashuka kwenye tope, amefura.

"Fundi gani wewe? Miezi mitatu unachonga pia ya watoto?"

Kibwana aliangalia maji. "Haukosi kitu. Unataka mtu wa mbele tu."

Mtu wa mbele nani? Mwamvua akaenda kupakagua huko mbele. Palikuwa na kidato kilichoachwa kwenye mti wenyewe, mahali pa mpiga kasia kukaza nyayo. Akaketi, akanyoosha miguu. Ilipungua shibiri nzima kukifikia kidato. Nyumbani mwao mwenye miguu mirefu hivyo alikuwa mmoja tu.

Tamimu, mtoto wao, alikwenda milima ya Matumbi mwaka jana na maji ya mganga yakiwa bado hayajamkauka mwilini. Huseni, aliyekwenda naye, alirudi peke yake akasema amemwona akianguka mbele ya bombomu la Wadachi, likimimina risasi. Mwamvua akalia, akamsomeshea mwanawe hitima. Kibwana hakukaa hitimani. Alisema Huseni ameona mtu kuanguka, hakuona mtu kufa, akachukua shoka lake akaenda kuangusha mvule.

Kumbe kubandua bandua kote kule alikuwa akimngoja mwenye miguu. Mwamvua alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na moshi wa Utete ulikuwa unazidi.

"Nipe kasia."

"Hapo si pako, Mama Tamimu. Na tukiondoka, akija atatukuta wapi?"

"Hatakuja." Hakuwahi kumwambia hivyo usoni. "Mwanangu amekufa, Baba Tamimu, na mbegu zinaloa. Nipe kasia."

Kibwana alisimama ndani ya maji hadi magotini, kwa muda mrefu kuliko moshi ule ulivyoruhusu. Kisha akampa kasia, akapanda nyuma. Mtumbwi ukalala sawa juu ya maji, ukashika njia ya visiwani bila ubishi wowote. Mwamvua alipiga kasia kwa ghadhabu, nyayo zikitafuta pa kukanyaga zisipate. Alitamani mumewe aseme neno, hata la kumtukana.

"Vuta kulia," Kibwana akasema nyuma yake. "Kuna fungu la mchanga, Mwamvua."

Tangu Tamimu azaliwe, hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Mwamvua akavuta kulia.