Fito za Mparachichi

Mparachichi wangu ulipoanza kukauka, aliyekuja kuutazama ni Pendo, bibi shamba, binti wa rika la mwanangu wa mwisho. Aliniamkia vizuri, akachonga gome kwa kisu. Ndani kulikuwa na vitundu vidogo kama vya sindano, na kuzunguka kila kimoja mti umekuwa mweusi.

"Mama, huyu mdudu hali mti," alisema. "Anabeba ukungu mdomoni, anaupanda humo ndani, halafu yeye na wanawe wanakula huo ukungu. Ukungu ndio unaoua mti. Ukate, uchome wote leo, hata matawi."

Nichome kuni bure! Huku Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, kuni tunazipandia mlima nusu siku, na msituni wametukataza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, najua, lakini mkuu gani huyu ambaye juzi tu alikuwa kwenye sare ya shule? Nilichoma majani, moshi uonekane. Matawi yaliyonyooka nikachonga fito, nikajitwika mwenyewe hadi kwa mdogo wangu Aisha, aliyekuwa anahangaika kupata za kuegemezea nyanya. Alifurahi mno. Zilizozidi akawagawia jirani zake wa bondeni.

Aisha ni mjane. Marehemu alimwachia miparachichi sita, na ndiyo inayomlisha yeye na wanawe wanne. Alipomaliza kuvuna nyanya, fito akazipikia. Haukupita muda, miparachichi yake ikaanza kunyauka kuanzia juu.

Pendo akaitwa. Alichonga mti mmoja mmoja, akatikisa kichwa. Yote sita.

"Wadudu hawa husafiri ndani ya mti uliokatwa," alisema. "Kuna mtu aliyeleta matawi hapa? Niambieni niwahi, wasifike kwingine."

Aisha alinitazama. Nikaona ameelewa.

"Hakuna," akasema. "Ni kazi ya Mungu tu."

Alinisitiri, mdogo wangu, mbele ya miti yake inayokufa. Nyumba za bondeni nazijua moja moja: kwa Zainabu, kwa Omari, kwa mama Latifa. Fito zangu bado zimesimama kwenye nyanya zao, chini ya miparachichi iliyojaa maua.

Pendo akanigeukia. "Kweli, mama?"

"Kweli, mwanangu," nikasema.

Akakunja kisu chake, akashika njia ya juu, ya kwenda Mtae, akaiacha ya bondeni.