Heshima kwa Kukhu Specioza

Kukhu Specioza alitoa sharti moja tu: akisema turudi, turudi.

Kukhu ndivyo sisi Wasamia tunavyomwita bibi, na huyu ndiye aliyenilea. Tangu apasuliwe nyonga, miezi mitatu, hakuwa ametoka nje ya boma letu hapa Dabani, upande wa Uganda. Jumamosi hiyo dada yangu Phiona, aliyeolewa Paya, alikuwa anambatizisha mtoto wake wa kwanza saa tano asubuhi, na mtoto angepewa jina la Specioza.

"Nataka nisikie padri akilitaja," Kukhu alisema. "Kwa masikio yangu."

Mimi nimesomea uhandisi wa mitambo. Nilimaliza mwaka jana na kazi bado natafuta, kwa hiyo familia ilinikabidhi safari. Nilimwita Kevo, rafiki yangu wa Busia ya upande wa Kenya, mwenye gari dogo ambalo kila siku hubeba watu wanane na magunia ya mahindi. Nikamwambia leo hakuna abiria wala gunia. Tuliliosha mpaka likang'aa. Kukhu tukamkalisha kiti cha nyuma peke yake kama waziri, mto huku na mto kule.

Tulipoacha lami tukaingia barabara ya vumbi. Shimo la kwanza, gari liliruka. La pili, mto mmoja ulitua mapajani mwangu.

"Kevo!" Kukhu aliita. "Hii gari ulinunua ama ulifuga?"

"Pole, Kukhu. Hizi springi ni za kazi. Fundi aliniwekea za pikapu, ndio nibebe mahindi bila kuburuza tumbo."

"Mimi si mahindi."

"Maze, Mangeni," Kevo aliniambia, "nikipunguza mwendo tena tutapitwa na kuku."

Shimo la tatu, Kukhu aliguna tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilipogeuka alikuwa ameshika nyonga, macho ameyafumba.

"Rudi," alisema.

Kevo akasimama. Nilishuka haraka ili Kukhu asiuone uso wangu. Nikaliegemea buti kwa uzito wangu wote. Halikushuka hata upana wa kidole. Nikalikalia kabisa. Wapi! Nikajikuta nacheka peke yangu.

"Mimi navunjika, yeye anacheka," Kukhu alimwambia Kevo.

"Kukhu, kosa ni langu," nilisema dirishani. "Gurudumu likipanda jiwe, springi inatakiwa ijikunje, kishindo kiishie hapo. Hizi ni ngumu, zinangoja mzigo. Gari likiwa tupu hazijikunji, kila jiwe linakuja kwako. Tena nimekukalisha karibu na magurudumu ya nyuma, mahali pabaya kuliko pote."

"Kwa hiyo inayonipiga ni heshima yako?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Hata nyumbani ni hivyo," alisema polepole. "Miezi tatu watoto wanakatazwa kugusa kitanda yangu."

Nikamwomba jaribio moja. Alitazama jua, akainua kidole. "Shimo moja. Ikiniuma, narudi."

Mbele kidogo, wanawake watatu walikuwa wamesimama na magunia manne ya muhogo, wakingoja gari la kwenda Paya. Nilimwendea aliyekuwa mnene zaidi, jina lake Loy, nikamweleza kwamba tunatafuta uzito.

"Na ukaniona mimi?"

"Wewe hasa, mama."

"Huyu kijana amesoma kweli," akawaambia wenzake, wakaangua kicheko mpaka wakashikana mabega.

Kukhu tulimhamishia mbele. Magunia yakaingia kwenye buti, wanawake wakajaa nyuma, nami nikabanwa mlangoni kama barua. Gari likashuka taratibu, mithili ya ng'ombe anayejilaza. Kevo akaondoka. Mbele yetu shimo, pana kama sinia la harusi. Sote tukamtazama Kukhu.

Gari lilizama, likainuka, likatulia.

"Hiyo shimo iko wapi?" Kukhu aliuliza.

"Tumeshaipita," Kevo alijibu.

"Basi endesha. Padri hatungoji."

Loy akamwekea mkono begani kutoka nyuma, bila kuomba ruhusa. Niliona Kukhu akiuegemea kwa shavu. Kufikia Paya walikuwa wameshabishania mapishi ya muhogo, na Kukhu alikuwa ameshinda.

Kanisani, padri alipomwagia mtoto maji na kutamka "Specioza," sauti iliitika kutoka benchi la mbele: "Niko!" Hata padri alicheka.

Jioni, baada ya sherehe nyumbani kwa Phiona, Loy na wenzake wakiwa wamebaki sokoni na muhogo wao, padri alituomba nafasi mpaka Dabani. Kukhu alimpima toka kichwani hadi viatuni.

"Baba, karibu," alisema, "lakini wewe peke yako hautoshi." Kisha akanyoosha fimbo kuelekea meza ya chakula, alikokuwa Matayo, mjomba wa shemeji yangu Opendi, mtu mwenye mwili wa watu wawili. "Mangeni, nitafutie na huyo. Akae karibu na mimi."